Benchi la Baba na Mashine ya Presha

Wanangu wa kliniki ya mama na mtoto, siku mliponiaga nikistaafu mlinipa kitenge, keki iliyokosewa jina langu, na swali. Kitenge nimeshashonesha. Keki tuliila hivyo hivyo. Swali lilikuwa la Happiness, aliyeniuliza nikiwa na paja la kuku mkononi: "Sista Mwajuma, hivi hizi fikra za ubunifu na huu usanifu wa huduma, si ni kitu kimoja kimebadilishiwa jina?" Nikatafuna, nikasema tutaongea. Kabla sijameza, mganga mfawidhi akasimama kutangaza kwamba semina nyingine ya fikra za ubunifu inakuja, kule kule Musoma, hoteli ile ile ya ziwani. Akasema kliniki nzima imealikwa na usafiri upo, gari la wagonjwa litawabeba. Mkapiga makofi. Mimi hamu ya kuku ikaniisha.

Nimerudi nyumbani Kigera, hapa Musoma, na hasira hiyo, na nimeshindwa kuilaza. Siku ya semina yenu ndiyo siku ambayo Wakuru wa njia ya Buhemba ameandikiwa kurudi kliniki na mimba yake ya pili. Mliokuwepo mara ya kwanza mnajua maana yake. Mlio wapya hamjui, kwa hiyo nitaanzia mbali kidogo. Vumilieni. Mimi niliwavumilia nyinyi na simu zenu.

Nilianza kazi hospitalini Musoma, nikiwa binti mwembamba mwenye sare mpya iliyopigwa pasi hadi ikasimama yenyewe. Mkuu wa kliniki alikuwa Sista Perpetua, mama mfupi, mkali, mwenye sauti ya chini iliyotisha kuliko kelele. Nilitegemea anioneshe vyumba. Akaniambia nivue sare, nivae gauni la nyumbani, nijifunge khanga tumboni na nikakae kwenye foleni ya wajawazito. "Leo wewe si nesi," akasema. "Leo umekuja kliniki."

Nikakaa asubuhi nzima. Dirisha la mapokezi likafungwa watu wakaenda kunywa chai. Nikaelekezwa chumba ambacho sicho, nikarudishwa, nikakuta zamu yangu imepita. Benchi nililokalia lilikuwa na msumari uliochomoza, ukanichania gauni. Nilipomrudia Sista Perpetua nilikuwa karibu kulia.

"Umeona nini?" akauliza.

"Nimeona msumari, Sista."

"Kazi ya nani kuung'oa?"

Sikujua. Akaniambia nirudi kesho kwenye foleni mpaka nijue. Niliuliza fundi, fundi akasema anasubiri stoo wampe nyundo. Stoo wakasema wanasubiri saini ya katibu. Katibu akasema hakuna aliyewahi kumwambia habari za msumari wowote. Akina mama walikuwa wameukalia muda mrefu sana, wamezoea kukaa upande. Uling'olewa siku ambayo Sista Perpetua alimshika katibu mkono na kumkalisha juu ya msumari wenyewe. Nyinyi mnaona huo ni utani wa wazee. Subirini.

Baadaye nikahamishiwa Bunda, mji niliozaliwa, ambako baba yangu alikuwa fundi cherehani karibu na msikiti. Huko nilipewa mashine ya presha ya zebaki ambayo pampu yake ilivuja, tukaiziba kwa plasta ya vidonda. Huko pia ndiko nilikompoteza mama mmoja. Alikuja amevimba uso na miguu, akasema kichwa kinamuuma. Akaambiwa asubiri aandikishwe, kisha asubiri mizani, kisha asubiri kuitwa. Akaanguka na kifafa cha mimba palepale penye mizani, kadi yake mpya ikiwa mkononi, imeandikwa vizuri kabisa. Hatukuweza kumwokoa. Bado namlilia, na siwaambii hivi ili mnionee huruma. Tangu siku hiyo nikimwona mjamzito namfunga kitambaa cha presha mkononi hata kabla hajamaliza kunijibu salamu. Mlikuwa mnanicheka kwa hilo, nawajua.

Butiama nilikuja nikiwa mtu mzima. Kituo chetu kilikuwa na tatizo mnalolijua: akina mama walichelewa kuanza kliniki, na walipokuja walikuja peke yao, wakati mwongozo unataka hudhurio la kwanza mama aje na mwenza wake wapimwe pamoja. Asiye na mwenza alitakiwa barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Wanaume wa kwetu wakiambiwa waje kliniki, ng'ombe wote wanaumwa siku hiyo.

Ndipo semina ile ya kwanza ikaja. Mwezeshaji alikuwa Bwana Geofrey, kijana mstaarabu wa kutoka Mwanza, shati jeupe, karatasi za kunata za kila rangi. Sina ugomvi naye. Alitufundisha kwamba kabla ya kutatua tatizo umsikilize anayelipata, ujaribu kuona kwa macho yake, utoe mawazo mengi bila kuchekana, uchague moja, ulijaribu kwa kitu cha haraka cha bei nafuu, ukikosea urekebishe. Hizo ndizo fikra za ubunifu, Happiness. Ni namna ya kufikiri ili upate wazo jipya. Ni nzuri. Nililala vibaya kitanda cha hoteli lakini hilo nililielewa.

Kisha tukaambiwa tumchore mteja wetu. Tukamchora mama mmoja anayetabasamu, tukampa jina, tukampa na mume mwenye pikipiki. Hakuna aliyemjua huyo mume, alitoka kwenye kalamu. Tukaumiza vichwa juu yake mpaka sato wa mchana wakapoa: anaona aibu, anakosa pa kukaa, hapendi kupanga foleni na wanawake. Na hapo likazaliwa Benchi la Baba. Benchi zuri, limepakwa buluu, liko karibu na mlango. Mama akija na baba wanakaa hapo na wanaingia kwanza. Tukalijaribu ukumbini kwa viti vya hoteli. Dereva wetu akaigiza mume, nesi mmoja akaigiza mke, watu wakafa kwa vicheko. Picha zikapigwa. Ziko ukutani hadi leo.

Na lilifanya kazi! Sitaki kutia chumvi upande wowote. Wanaume walianza kuja, wengine wamevaa viatu vya kanisani. Tukasifiwa, tukaitwa Musoma kwenye semina ya pili tukaeleze mafanikio yetu. Tukaenda karibu wote, na gari la wagonjwa. Kliniki akaachiwa Happiness, ambaye hakuwa na muda mrefu kazini, na maelekezo yake yalikuwa sentensi moja: benchi la buluu ni la wenye baba.

Sasa mjue Bibi Nyangeta. Ni mama aliyeanza kuzeeka, ana mji wake njia ya kwenda Buhemba, ng'ombe wa kutosha na ulimi wa kutosha zaidi. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo alifanya kama mila inavyoruhusu huku kwetu Mara, ile tunayoiita nyumba ntobhu: alitoa ng'ombe mwenyewe akamwoa binti, Wakuru, ili azae kwa jina la mji ule. Mwanaume wa kuzaa naye yupo, lakini si mume na hadai mtoto. Mume ni Nyangeta. Sherehe ilifanyika, watu walikula, mwenyekiti wa kitongoji alikula kuliko wote. Kila mtu Butiama anajua jambo hili. Sisi wote tuliokuwa kwenye semina tulilijua. Mimi ninaye jirani wa namna hiyo. Na hakuna hata mmoja wetu aliyelibandika ukutani, kwa sababu yule mama tuliyemchora alishapewa mume mwenye pikipiki.

Wakuru alipoanza kuvimba miguu, Nyangeta akamleta. Wakaingia, mzee akatazama, akaona benchi la wenye baba, akakaa katikati yake na fimbo yake. Haya yaliyofuata alinisimulia Happiness mwenyewe, na ninayaandika kwa ruhusa yake.

"Shikamoo bibi. Samahani, hilo benchi ni la akina baba."

"Marahaba. Najua. Ndiyo maana nimekaa."

"Namaanisha mume wake, bibi. Mume wa huyu dada yuko wapi?"

"Si ndiye mimi? Ng'ombe nilitoa mimi. Kama unataka kuhesabu, twende nyumbani uhesabu."

Happiness ni mtoto wa watu wa Moshi, alikuwa mgeni kwetu. Akacheka kidogo, kwa wasiwasi, na hicho kicheko ndicho kilichoharibu. Akamwambia Wakuru kwamba kama hana mume si kosa, akachukue tu barua kwa mwenyekiti inayosema hana mwenza, arudi nayo ahudumiwe.

Wakatembea na jua lile hadi kwa mwenyekiti. Na mwenyekiti akakataa kuandika. "Nitaandikaje hana mume wakati ana mume?" akasema. "Huyu hapa amesimama. Mimi nilikulaga hiyo sherehe. Nikiandika hana, nimeutukana mji wa watu, na kesho wananipeleka barazani." Kwa mila yetu alikuwa sahihi kabisa. Happiness kwa mwongozo wetu alikuwa sahihi kabisa. Wakuru alirudishwa kliniki bila barua, akarudishwa kwa mwenyekiti bila huduma, na kote huko hakuna aliyempima presha, kwa sababu kupimwa kulikuwa nyuma ya kuandikishwa, na kuandikishwa kulikuwa nyuma ya mume. Akachoka, akaenda kulala nyumbani.

Sisi tulikuwa Musoma. Nilikuwa nimesimama mbele ya ukumbi naeleza benchi.

Kesho yake gari likaturudisha na boksi la karatasi za kunata zilizobaki. Tunaingia getini, namkuta Bibi Nyangeta peke yake kwenye benchi la buluu, fimbo magotini, na wanaume watatu wamesimama pembeni wanaogopa kukaa naye.

"Sitoki hapa," akaniambia kabla sijamwamkia. "Mtu wenu anasema mimi si mume. Mwenyekiti anasema mimi ni mume. Sasa nakaa hapa hapa mpaka hii serikali yote iniambie mimi ni nani."

"Shikamoo bibi. Wakuru yuko wapi?"

"Iko nyumbani. Kichwa inamuuma. Anasemaga anaona vimulimuli."

Hizo ni dalili za kifafa cha mimba kilicho njiani. Vimulimuli! Nikamwambia dereva asizime gari. Tukamwaga boksi la karatasi chini, likabaki uani, tukachukua mashine ya presha na sindano za kuzuia kifafa cha mimba. Bibi akapanda mbele bila kukaribishwa. Njia nzima alinigombeza na nilimwacha agombe, maana kila neno lake lilikuwa haki yake, na mimi midomo ilikuwa inanicheza kwa kumwomba Mungu.

Tulimkuta Wakuru amelala chini kwenye mkeka, amefunika macho kwa khanga kukwepa mwanga. Presha ilikuwa mbaya sana. Tukamdunga, tukampandisha, tukageuza kwenda Musoma hospitali. Mtetemo mmoja wa mkono wake ulinikumbusha yule wa Bunda nikamshika kwa nguvu hadi dereva akaniambia, Sista, unamuumiza. Walimpasua mchana ule ule. Mama akapona. Mtoto alitoka mdogo, wa kike, akakaa kwa wauguzi wa watoto njiti mpaka alipojua kunyonya. Bibi Nyangeta, aliyetoa ng'ombe zake akitafuta mvulana, alimtazama kupitia kioo, akasema, "Si kitu. Na yeye ataoa."

Nilidhani baada ya hapo tungeamka. Kikao kikaitishwa, na mnajua kilichopendekezwa? Benchi la pili! La rangi nyingine, la wanandoa wa nyumba ntobhu! Mtu akaanza kuchora. Nilisimama nikatoka nje kwa sababu ningesema maneno ambayo mke wa mtu na hajati hapaswi kuyasema mbele ya watoto.

Aliyetusaidia ni Zuhura, msomi mwingine, ambaye mkoa ulimleta baada ya tukio lile. Kazi yake ndiyo huo usanifu wa huduma. Sikumpa hata chai, nilikuwa nimechoka na wageni wenye kalamu. Siku ya kwanza akaniomba khanga. "Nataka nije kliniki kama mama mjamzito," akasema, "nianzie nyumbani kwa Wakuru." Nikamtazama. Sista Perpetua alikuwa amefariki zamani, na huyu binti hakuwahi kumwona. Nikampa khanga na chai na maandazi.

Akatembea njia yote kwa miguu na Bibi Nyangeta: nyumbani, kwa mwenyekiti, getini, mapokezi, mizani, maabara, hadi kwangu. Kisha akatembea upande ambao mama haoni: nani anafungua asubuhi, nani anashika mashine ya presha mwenye nayo akienda chai, betri zinatoka wapi, nani anampigia dereva, dereva akiwa safari nani anajua, mwenyekiti anaelewa nini kuhusu barua yetu. Kwa kila hatua aliuliza kitu kile kile: na kama anayekuja si yule mliyemtegemea, hapa inakuwaje? Alituchosha. Happiness, unakumbuka alivyokufanya urudie mapokezi mpaka ukanuna.

Matokeo yake hayakupigiwa picha, kwa sababu hakuna cha kupiga. Meza ya presha ikasogezwa mlangoni, mbele ya mapokezi, mbele ya swali lolote. Barua ya mwenyekiti ikafutwa, naye akafurahi kuliko sisi. Mapokezi wakaacha kuuliza mume yuko wapi, wakawa wanauliza umesindikizwa na nani. Yule mwanaume wa kuzaa naye akapewa nafasi ya kuja kupimwa siku yake, kwa faragha, bila kukalia benchi la mtu. Na likawekwa agizo kwamba mashine ya presha haiachwi bila mtu anayejua kuitumia, na gari la wagonjwa haliendi popote bila mgonjwa mpaka kuwe na jingine la kuitwa. Benchi la buluu likabaki pale pale. Halikuwa na kosa.

Kwa hiyo swali lako, Happiness, nalijibu kwa baba yangu, fundi cherehani. Kumtazama mteja, kumuuliza anaenda harusini au msibani, kubuni mshono, kukata kwanza kwenye gazeti na kumjaribisha, hizo ni fikra za ubunifu, na baba alikuwa bingwa wa hizo Bunda nzima. Lakini nani apokee kitambaa baba akiwa msikitini, nguo ya nani isichanganyike na ya nani, mteja akija akakuta cherehani imeharibika aambiwe nini, na gauni lifike kabla harusi haijaisha, huo ndio usanifu wa huduma. Hayo yalifanywa na mama yangu kila siku ya maisha yake, na hakuna mteja aliyewahi kumsifia mshono. La kwanza linakupa wazo. La pili linahakikisha wazo linamfikia mtu Jumanne ya mvua, wakati wewe uliyelibuni haupo. Vinahitajiana. Ila nyinyi mnapenda la kwanza, kwa sababu lina makofi.

Na sasa mnaenda tena. Kliniki nzima, na gari la wagonjwa! Nilipomfuata mganga mfawidhi siku ile ya keki nikamkumbusha agizo, akanijibu kwa upole, "Mama, ni mara moja tu, na wewe pumzika sasa." Nimejaribu kupumzika. Wakuru ana mimba tena, na aliyewahi kupanda presha ile anaweza kupanda tena. Bibi Nyangeta amenipigia simu mwenyewe kuniuliza kama siku hiyo kliniki ipo. Nilimwambia ipo. Sijawahi kumdanganya bibi yule na sina mpango wa kuanza.

Nendeni semina, siwazuii. Mkale sato. Lakini siku hiyo asubuhi mimi nitapanda basi kutoka Musoma nikiwa na gauni la nyumbani na khanga, nitashuka Butiama, na nitakaa kwenye benchi la buluu kati ya Wakuru na mume wake. Sitavaa sare, maana si yangu tena. Sitagusa mashine, maana si kazi yangu tena. Nitakaa tu kama mtu aliyekuja kliniki, nisubiri nione ni nani kati yenu atakayetoka mlangoni na kitambaa cha presha mkononi.